Mitufaha Mbele ya Mizinga

Nyumba Na. 14, Barabara ya Utrecht,
Amersfoort, Uholanzi.
9 Mei, 1940.

Mpendwa mdogo wangu Harmen,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Na mgongo wa mkeo Trijntje umepata nafuu? Theluji ya huko Kanada imekwisha? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenihama.

Nakuandikia habari za kaka yetu Reindert. Novemba walimpandisha cheo. Sasa ni Meja Jenerali. Mtoto wa mwoka mikate, aliyemliza baba alipokimbilia chuo cha kijeshi Breda akiwa na miaka kumi na saba! Miaka kumi na minne katika makoloni ya Mashariki ilimwachia risasi pajani na homa isiyokwisha. Vyeo vilimjia polepole, maana hajui kuwasifu wakubwa. Leo ana askari elfu tisa chini yake, na karibu wote hawajawahi kuona vita.

Shida ilianza Februari. Mbele ya mahandaki yake ya kuwazuia Wajerumani kuna shamba kubwa la mitufaha, na wapiga mizinga hawaoni kitu. Aliomba ruhusa ya kuikata. Wakubwa wakakataa: nchi yetu haina ugomvi na mtu, wakulima wasiudhiwe. Akaomba tena, na tena. Mwishowe wakamwambia kama amechoka, akapumzike na pensheni yake.

Mwenye shamba, mzee Blokland, alitufuata mpaka mlangoni.

"Jenerali, hao Wajerumani wako wako wapi? Mimi adui ninayemwona na shoka ni wewe tu!"

"Watakuja, Bwana Blokland."

"Ulisema Novemba. Ukasema Januari. Wewe bora ungetabiri mvua!"

Nilicheka nyuma ya mlango, Harmen. Reindert hakucheka.

Wiki hii hata mimi sicheki. Likizo za askari zimefutwa zote. Jirani yetu ana dada mpakani. Huyo dada alimpigia simu kusema kwamba ng'ambo, upande wa Ujerumani, magari ya jeshi yamejaa chini ya miti, yote yameelekezwa kwetu. Tangu jana simu ya huyo dada haiiti. Na hali ya hewa ni nzuri ajabu, anga haina hata wingu. Mitufaha yote imechanua.

Mchana huu Reindert alikuja kula. Mayai hakuyagusa. Akaniomba nimpunguze nywele. Nikiwa nyuma yake na mkasi, akasema:

"Geesje, asubuhi nimetia saini amri ya mitufaha. Wanaikata."

"Wamekupa ruhusa?"

"Hapana. Jina ni langu peke yangu."

Mkasi ukanisimama mkononi. Nikamwambia watampeleka mahakama ya kijeshi, watamvua cheo mbele ya watu, watamfunga uzeeni.

"Wakipata nafasi ya kunishtaki," akasema, "ina maana nilikosea, vita havikuja, na vijana wangu wote wako hai. Niombee nishtakiwe."

Akavaa kofia, akaenda. Upepo ukigeuka huku, nasikia mashoka.

Nisalimie Trijntje, kijana wako Wubbo na mdogo wake Fenna. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko. Kengele ya kanisa inaita, nami nakwenda kupiga magoti nimwombe Mungu kaka yetu afungwe jela.

Ni mimi dada yako nikupendaye, leo na lolote litakalokuja,
Geesje