Koti Ulilomkatia Masanja

Ndiyo maana nasema, Baba, ni wewe tu. Nani mwingine angemkatia mume wangu koti likamkaa vile, bega la kushoto chini kidogo ya la kulia, na wewe tulikuzika kabla sijalijua hata jina lake?

Shikamoo, Baba. Nimeolewa! Naliandika neno hilo huku nacheka peke yangu. Anaitwa Masanja, anachimba dhahabu huku Geita, mrefu, mpole, akitabasamu mimi nasahau kutia chumvi kwenye mboga. Laiti ungemwona! Ila hapo ndipo mwili unaponisisimka, maana nadhani ulimwona.

Unakumbuka kile kitambaa cha kijivu ulichonunua Kahama kabla maduka hayajakauka? Ulipofariki, mimi na Mama tulikikunja kikiwa kizima, tukakifungia kwenye sanduku lako la jeshini. Ufunguo Mama anaufunga kwenye pindo la khanga, hata kanisani haachani nao. Harusi ilipokaribia, suti haipatikani popote, akasema, "Mtolee kile cha baba yako." Nikafungua. Baba, kilikuwa kimekatwa. Mgongo, mikono, kola, vyote vimepangwa, na ule msalaba mdogo wa chaki uliozoea kuuweka upande wa kushoto.

Mama alikaa chini akacheka mpaka akalia. "Mzee huyu hata huko hatulii!"

Nililishona mwenyewe kwa cherehani yako, ulivyonifundisha. Sikumpima Masanja. Sikuthubutu. Siku ya harusi akalivaa, halikuvuta popote. Wachimbaji wenzake wakapiga vigelegele kama wanawake: "Leo Masanja mkuu wa wilaya!" Nilikuwa na furaha ya kupasuka, Baba. Padri anahubiri, mimi napapasa mkono wa koti.

Lakini wewe hukuwahi kumkatia nguo mtu asiyesimama mbele yako. Uliwashonea askari wenzako Burma hivyo, ukarudi nyumbani na masharti yaleyale: "Simama kama askari, siyo kama gunia la pamba!" Hata padri wa Ushirombo alipotuma kanzu yake ya zamani iwe kipimo, uliirudisha.

Basi, siku moja tunakunywa chai, nikamwuliza Masanja kama amewahi kupimwa. Akasema ndiyo, mwaka huu, mnadani Runzewe. Mzee mwenye futi shingoni alimsimamisha katikati ya watu, jua la saa sita, akampima mabega bila hodi. "Bega hili umebebea nini, kijana?" Akajibu, mawe. "Nitalificha," mzee akasema. Masanja kugeuka, hamwoni. Wiki iliyofuata tukakutana, mimi na yeye.

Baba, futi ile tulikuzika nayo. Mama alikuviringishia mkononi.

Mama anasema umenichagulia mume. Shangazi Kabula, dada yako, alipiga ukelele: "Marehemu hampimi mtu wa harusi! Anapima wa kumchukua!" Anasema Masanja asishuke shimoni mpaka aletwe kaburini kwako, atajwe jina, imwagwe pombe, umpokee kama mkwe. Na Masanja, mpenzi wangu huyu, kakubali kukaa juu kwa ajili yangu. Wenzake wamefungua shimo jipya. Wakipita mlangoni wanaimba, "Masanja kaolewa!" Anacheka nao. Jana nilimkuta anazikagua kamba zake, moja moja. Hawezi kukaa hivi siku zote, Baba, ile ndiyo kazi yake.

Nakuuliza kama mwanao: ulimpima kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?

Sasa hivi naandika mchana kweupe. Koti liko msumarini. Hakuna upepo, lakini bega la kushoto linajaa taratibu, kama mtu anaingiza mkono. Siogopi. Naogopa kidogo.

Kama huko kuna upweke, nitakuletea mkwe wa kuongea naye kila mwaka, lakini akija kwa miguu yake. Mama ameshaloweka mtama wa pombe. Nitamsimamisha Masanja mbele yako, wima, nikutajie jina lake na la baba yake. Mtazame utakavyo, halafu mwache arudi nami. Nampenda mno, Baba. Usininyang'anye.

Pumzika, fundi wangu. Usikate kitu kingine mpaka tufike. Tutapanda basi la Kahama, na kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa hapo, wote wawili.

Mwanao,
Minza