Omega kwa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 7 Julai 2003

Omega tatu tu za zoezi la fizikia kwenye kompyuta, umeme ukakatika. Sikuwa nimehifadhi. Zimekwenda zote.

Kila siku ni hivihivi. Nafungua kidirisha cha fomula, natafuta kisanduku cha herufi za Kigiriki, nasukuma kipanya kwa mkono wa kushoto, mshale unakimbilia kona ya kioo. Nikibofya nje kidogo, kidirisha kinajifunga. Humo ndani hata kitufe cha kuacha nafasi hakifanyi kazi. Nakibonyeza kila mara, kila mara mashine inanililia.

Zamani za stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, mpiga chapa aliacha pengo, mimi nikajaza alama kwa kalamu ya chuma. Kazi ya dakika moja tu. Sasa mkono wa kulia umelala mapajani. Tangu kiharusi cha Februari haushiki hata chaki. Haya ninayoandika hapa yanaandikwa na wa kushoto, na yanafanana na michakuro ya kuku.

Jumatano, 9 Julai

Mkuu wa shule ameniita. Ni mdogo kwangu, huniamkia kila asubuhi. Leo ameniamkia, kisha akanikata maini.

Mtihani wa mock wa fizikia niuandae mwenyewe, kwa kompyuta, bila kusaidiwa na mtu. Utafanywa na wanafunzi wetu na wa shule ya Ruangwa. Nikiweza, kidato cha nne kinabaki changu. Nisipoweza, nahamia stoo ya maabara, kuhesabu chupa.

"Mzee, watoto wana mtihani wa taifa Novemba. Siwezi kuwaacha na ubao mtupu."

Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mwonevu ningemchukia na kustarehe.

Miaka yote hii sijui kazi nyingine. Hapa Mnero wananiita Mwalimu hata wale ambao sikuwafundisha. Stoo hawamwiti mtu mwalimu.

Ijumaa, 11 Julai

Kuna njia ya mkato ya kushusha namba ndogo chini ya herufi: unashikilia Ctrl, unabonyeza L. Mkono mmoja haufiki, angalau huu wangu. Nimejaribu kwa kidevu. Mwalimu wa Kiswahili akaingia, akaona, akatoka.

Basi nimeubeba mkono wa kulia kwa wa kushoto, nikautua juu ya Ctrl, kama jiwe juu ya mfuniko wa sufuria. Ukakandamiza. Nikabonyeza L. Namba ikashuka mahali pake.

Kazi yake ya kwanza tangu Februari. Nilicheka peke yangu, kisha nikashikwa na huzuni, kisha nikaendelea na swali la saba.

Jumanne, 15 Julai

Mtihani umekamilika. Omega, theta, mu, lambda, delta, zote zimekaa zinapotakiwa. Nimezipitia moja moja kwenye kioo. Nzuri kuliko nilizowahi kuziandika kwa mkono mzima.

Printa yetu haina wino, kwa hiyo uchapaji ni Ruangwa. Disketi nimeifunga kwenye mfuko wa mkate, nikampa dereva wa pikapu inayobeba ufuta. Ataikabidhi kwa Hamisi, mwalimu wa fizikia wa kule. Nilimfundisha hapahapa shuleni, alikuwa mtoto wa maswali mengi.

Mke wangu, Mama Sofia, amechinja kuku. Hakusema kwa nini. Nimekula mapaja yote mawili.

Alhamisi, 17 Julai

Simu ya ofisini, kutoka Ruangwa. Hamisi. Kompyuta yao imefungua mtihani, maneno yapo, lakini kila penye alama pana kijisanduku kitupu. Mashine yao haina herufi zile. Akaanza kueleza jambo jingine, simu ikakatika. Nimepiga, haipatikani.

Mtihani ni Jumatatu.

Swali la "tafuta" bila cha kutafutwa. Watoto watacheka, na mkuu hatacheka. Nimemgombeza Mama Sofia kuhusu chumvi. Chumvi ilikuwa sawa. Ninaogopa, basi.

Ijumaa, 18 Julai

Ruangwa. Nimesafiri na pikapu ileile, juu ya magunia ya ufuta, mkono wa kulia nimeuchomeka ndani ya mkanda usirukeruke.

Hamisi hana wasiwasi hata chembe. "Shikamoo mwalimu. Mbona umejisumbua? Nilitaka kukwambia jana, simu ikakata." Mtihani umesharudufiwa, bahasha zimefungwa kwa lakiri, isipokuwa nakala moja ya kwake. Alichapa ukurasa wenye visanduku vitupu, akachukua kalamu, akajaza yeye, kisha akarudufu. Kama enzi za stensili. Pengo huwa linajazwa, alisema.

Nimekagua alama kwa alama nikitafuta kosa. Nilitaka liwepo, nimkaripie. Halipo. Kila swali alijua linataka nini.

Kisha nikaona maumbo yenyewe. Omega yenye miguu iliyotandazwa nje. Theta iliyolala upande. Hizo si za kitabuni, hizo ni zangu, za ubaoni. Amezibeba tangu kidato cha pili na hajui.

Sikumwambia asante. Nimemwambia wino wake mzito.

Jumatatu, 21 Julai

Mkuu amefungua bahasha mbele ya wasimamizi. Ametazama karatasi, akanitazama mimi. Akasema mkono umerudi. Akasema mwandiko huo angeutambua popote, na kwamba kesho ubao ni wangu.

Akaushika mkono wangu wa kulia, akautikisa. Ukatikisika, kama kitu chochote kinachotikiswa.

Sikumsahihisha. Watu walikuwa wanapiga makofi.

Jumanne, 22 Julai

Kipindi cha kwanza. Nimesimama mlangoni mwa kidato cha nne. Chaki ilikuwa mezani. Nikageuka, nikaenda ofisini.

Nimemwambia mkuu alama zile ni mwandiko wa Hamisi. Nimemwambia pia kwamba za kwangu niliziweka zote, mashine ya Ruangwa ndiyo haikuzijua. Akasema anaamini. Lakini watoto wanahitaji ubao. Kisha akauliza kama naweza kuandika ubaoni.

Siwezi.

Hamisi atakuwa anakuja Jumanne na Alhamisi hadi Novemba. Mimi stoo. Mama Sofia alisikia yote, akasema afadhali umesema. Si afadhali. Nilikuwa na darasa kwa siku moja, nimelitoa kwa kinywa changu mwenyewe, na ningeweza kunyamaza.

Jumanne, 29 Julai

Baridi asubuhi. Chupa nimemaliza kuzipanga mapema, nikaenda kukaa nyuma ya darasa, kiti cha dirishani. Hamisi aliniona, akaendelea. Saketi, taa mbili kwenye waya mmoja. Anafundisha vizuri. Niliumia.

Mwanafunzi mmoja, Rehema, akanyoosha kidole. Anataka kujua kwa nini mkondo haupungui ukishapita taa ya kwanza. Aliuliza akiwa amegeuka nyuma, kwangu. Wote wakageuka.

Nilimtazama Hamisi. Hakukasirika. Alifuta sehemu ya ubao, akashika chaki, akasubiri.

Nikaanza kueleza. Nilisema polepole, ili awahi kuandika.