Dakika Mbili Tu

Tarehe 4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limekubali kupatana nawe. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaoumwa. Ninakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu tunaziacha kwa mlinzi getini asubuhi, na siku hizi yangu naikuta imefunguliwa.

Hapa kiwanda cha unga tumefiwa. Mluzi, yule mbeba magunia niliyekusimulia kwamba hupiga mluzi tangu getini hadi kwenye mashine, alikufa Jumanne ndani ya tangi la nafaka. Tangi lenyewe ni la bati, refu kama mnara. Nafaka inaingilia juu, inatokea chini. Ikiganda kwenye kuta, mtu hushuka ndani na mti mrefu akaibomoe. Sheria ni kwamba hashuki mtu bila kamba, na mlango wa chini haufunguliwi mtu akiwa ndani, maana nafaka ikianza kushuka humvuta kama tope.

Kamba ninazitunza mimi stoo. Mluzi alikuja dirishani nikamkabidhi. Hajaifunga hata kiunoni, msimamizi wa zamu akamwita: "Iache hiyo, ni dakika mbili tu." Akaniachia kamba dirishani, akacheka, akaenda. Aliyefungua mlango wa chini simjui, na hakuna anayesema.

Sasa kuna karatasi. Inasema Mluzi alikuwa amelewa, akajitosa mwenyewe bila ruhusa. Shangazi, Mluzi pombe alikuwa haijui hata harufu. Karatasi hiyo ikipita, mkewe hana haki yoyote, na watoto wake watakua wakiitwa watoto wa mlevi. Zamu yetu tulibaki kumi na wawili. Kumi na mmoja wametia sahihi. Jana msimamizi aliiweka mezani kwangu, akalaza kalamu juu yake, akasema hana haraka. Mkaguzi wa ofisi ya kazi atakuja mwisho wa mwezi ujao.

Nilimwambia kichwa kinaniuma. Huo ndio ujasiri wangu wote. Niombee.

Ni mimi, mwanao.


Tarehe 10 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Goti tumeachana vyumba: mimi nalala, lenyewe linakesha. Mengine ni mazima, namshukuru Mungu.

Pole kwa msiba. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Kuomba nitakuombea, lakini sitakula kwa niaba yako ukashiba wewe. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na minne. Hakuna mkono uliojifunza kazi siku ya uchungu. Mkono hufundishwa kabla, kwa kurudia na kurudia, ili siku mambo yakiharibika na kichwa kimepotea, mkono uwe unajua pa kwenda. Sala ni hivyo hivyo. Anayengoja siku ya hofu ndipo ajifunze kuomba, ataomba, lakini atatetemeka kuliko anavyoomba.

Basi sikiliza dawa. Asubuhi, kabla miguu haijagusa sakafu, omba. Saa sita mchana king'ora kikilia, omba hapo hapo ulipo. Jioni, kabla hujavua viatu, omba. Usitunge maneno marefu, Mungu si hakimu wa mashairi. Sema: Bwana, nipe neno moja la kweli, na mdomo wa kulisema. Halafu kila siku useme kweli moja ndogo mahali ambapo umezoea kudanganya. Ndogo kabisa. Sala isiyotoka nje ya mdomo ni jiko lisilo na moto, hata ulipulize vipi.

Utasahau. Ukisahau ya asubuhi usijichape, shika ya mchana.

Na hiyo karatasi, usiitupe wala usiigombanie. Iache ilale hapo mezani, na kalamu yake.

Shangazi yako.


Tarehe 29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo na wote hapo nyumbani? Mimi naendelea.

Dawa naimeza. Wiki ya kwanza niliikumbuka mara nne kwa siku saba. Sasa asubuhi miguu yenyewe inasita hewani. Kweli yangu ya kwanza ilikuwa kwa dereva wa lori. Akiuliza mzigo wake, tumezoea kumwambia uko njiani. Nikamwambia bado haujafungwa. Alifoka, akazunguka lori mara mbili, kisha akaenda zake kunywa chai. Sikufa.

Lakini mambo yanakaza. Nikikaa benchi la chai, benchi linabaki na mimi peke yangu. Kikombe changu nilikikuta kimevunjwa, vipande vimepangwa vizuri juu ya meza. Jumatatu nilifika stoo nikakuta viatu vya Mluzi vimetundikwa mlangoni kwa kamba zake. Vimeoshwa, Shangazi. Mtu alikaa akaviosha kwanza.

Na kuna jambo linalonisumbua kuliko hayo. Unajua meneja wetu ni mtu wa dini. Kila asubuhi tunasimama uani, tunashikana mikono, anaomba. Juzi aliomba hivi: "Bwana, mwondoe katikati yetu yule anayetaka kuivunja nyumba hii." Wote wakaitikia amina. Kulia kwangu alikuwa Gunia Mbili, yule mbeba magunia mkubwa ambaye hubeba mawili kwa mpigo. Mkono wake ulikuwa umeloa jasho, na ilikuwa asubuhi ya baridi. Nami niliitikia amina, Shangazi. Mdomo ulitangulia kabla sijaelewa kwamba ninayeombewa kuondolewa ni mimi.

Yeye anaomba, mimi naomba. Mungu anasikia ipi?

Mwanao.


Tarehe 4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tu wazima.

Umeuliza, nami nakujibu. Sala ipime kwa inachomdai anayeiomba. Ya meneja haimdai chochote. Inamtaka Mungu aondoe mtu, yeye abaki alivyo. Yako inakudai wewe kila siku, ndiyo maana inakuchosha.

Sasa nikwambie nisilowahi kumwambia hata baba yako. Mwaka wangu wa sita kazini, mama mmoja alitufia wodini. Alifika mapema, na mumewe. Daktari aliitwa mara tatu, hakuja. Alipokuja ilikuwa basi. Wakaniletea fomu iliyoandikwa kwamba mgonjwa alicheleweshwa nyumbani. Wauguzi wenzangu wote walikuwa wametia sahihi. Nami nilikuwa mtu wa kusali, usidhani sivyo, ila nilisali kama mtu anayeita zimamoto: mpaka nione moshi. Siku ile nilitafuta neno ndani yangu, sikulikuta. Nikatia sahihi.

Mumewe aliondoka akijilaumu kwamba alichelewa kumleta. Aliishi miaka kumi na tisa akijilaumu, akafa hivyo. Tulikuwa tukikutana njiani, ananiamkia kwa heshima, ananiita mama. Zile sala tatu nilizianza baada ya hapo. Hazikumrudishia chochote yule mtu. Mimi sikufundishi nikiwa shujaa. Ninakufundisha nikiwa niliyeshindwa.

Viatu vile mpelekee mwenyewe mke wa Mluzi. Na usitembee peke yako jioni.

Shangazi yako.


Tarehe 22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara mbili.

Mama mwenye nyumba amenitaka nihame mwisho wa mwezi. Hakusema kwa nini, na machoni hakuniangalia. Mwanawe anaendesha lori la kiwanda. Lakini hilo si neno.

Leo, ikiwa zimebaki siku tatu mkaguzi afike, msimamizi alikuja stoo akasema kuna mkanda umedondoka ndani ya tangi, vifaa ni vyangu, nishuke nikautoe. Mimi ni mtunza stoo, sijawahi kupanda kule. Nikapanda, Shangazi. Ndivyo tulivyo, miguu hutii kabla ya akili. Ngazi ni ya chuma na haina pa kujishikiza vizuri. Yeye alipanda nyuma yangu, karibu sana.

Juu kuna tundu la kuingilia. Nikachungulia: giza na vumbi, nafaka iko chini sana. Mkanda sikuuona. Halafu nikatazama nje kule chini, nikamwona Gunia Mbili amesimama kwenye mlango wa kutokea nafaka, mkono wake uko kwenye mpini.

Nikaomba kamba. Msimamizi akasema, "Ya nini? Ni dakika mbili tu." Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, uso ulimbadilika, lakini hakuyarudisha.

Ndipo king'ora cha saa sita kikalia, mashine zikazimwa. Sikuamua chochote. Mdomo wangu ulianza wenyewe kama unavyoanza kila siku, kwa sauti, maana kwa siku arobaini umekuwa ukifanya hivyo. Bwana, nipe neno moja la kweli, na mdomo wa kulisema. Nilipomaliza nikageuka, nikamwambia, "Sishuki."

Alinisogelea nikanusa sabuni aliyoogea. Nilipotazama tena chini, Gunia Mbili alikuwa ameuachia mpini na ameketi sakafuni, kichwa kati ya magoti. Msimamizi naye akaona. Akanipisha.

Kuteremka niliteremka kama ndama aliyezaliwa leo. Ijumaa nitasema mbele ya mkaguzi. Usinijibu kwa anwani ya kiwanda.

Mwanao.


Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Ijumaa imepita, na Ijumaa ya pili imepita. Nimekupigia simu, akapokea mwanamume. Akaniuliza mimi ni nani wako. Nikakata.

Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie kwamba umekasirika, nitafurahi.

Shangazi yako.


Tarehe 16 Mei

Mwanangu,

Bado sijapata kitu. Kila king'ora cha saa sita cha shule hapa jirani, natamka jina lako. Jana sala ilinikatikia njiani, nikakaa tu na kimya chake. Goti au si goti, mwisho wa mwezi ninapanda basi.

Shangazi yako.


Tarehe 21 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Mimi ni mzima. Barua zako mbili nimezipata leo asubuhi, mama mwenye nyumba alikuwa amezikalia. Usije kwanza. Soma mpaka mwisho.

Ile Ijumaa nilisema yote mbele ya mkaguzi: kamba, dirisha, dakika mbili. Wenzangu kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye mstari, wanatazama sakafu. Msimamizi akasimama akasema mimi nilikuwa hawara wa Mluzi, ndiyo sababu ninamtetea. Chumba kizima kikaniangalia. Mke wa Mluzi alikuwa mbele. Akainuka, akabeba kiti chake, akaja kukiweka kando ya changu, akaketi. Sidhani nitapata heshima kubwa kuliko ile.

Mkaguzi aliandika kwamba shahidi ni mmoja, haitoshi, akaahirisha hadi tarehe kumi na nne. Siku ile ile nilifukuzwa kazi, na simu yangu haikurudi kutoka kwa mlinzi. Nilipofika nyumbani nikakuta vitu vyangu nje, vimekatwakatwa, na barua zako za zamani zimechukuliwa. Tangu hapo ninalala kwa mke wa Mluzi, na aliniomba nisiandike kwa mtu yeyote, kwa sababu kuna pikipiki ilikuwa ikisimama mkabala na mlango bila kuzima injini. Niliogopa kwamba ikifuata barua itafika kwako.

Tarehe kumi na nne nilijua nitakuwa peke yangu tena. Nilisali ya asubuhi kwa taabu. Mkaguzi akauliza kama kuna mwingine. Kisha Gunia Mbili akasimama. Alisema polepole, kama mtu anayeshusha mzigo ngazini: "Mlango wa chini niliufungua mimi. Msimamizi aliniambia Mluzi ameshatoka. Nilisikia anapiga mluzi ndani, nikadhani yuko nje." Akasema na mimi nilikuwa nifanyiwe vivyo hivyo, na kwamba aliponisikia naomba kule juu, mkono wake ulikataa. Baada yake wawili wengine walifuta sahihi zao. Karatasi imetupwa. Msimamizi yuko ndani, anangoja kesi. Mke wa Mluzi amepewa barua kwamba mumewe alikufa kazini, akiwa timamu. Aliisoma kwa sauti, watoto wamekaa mkekani.

Nilitaka barua yangu iishie hapo, Shangazi.

Jumapili Gunia Mbili aliokotwa kwenye mtaro, kilomita moja kutoka kiwandani. Taya limevunjika pande mbili, limefungwa kwa waya. Daktari anasema huenda asiongee kwa miezi. Kesi ni mwezi ujao. Meneja bado anashikisha watu mikono kila asubuhi, na wale wawili waliofuta sahihi wamehama mji.

Umewahi kuniambia kwamba nikizoea kusali hofu itaondoka? Nimepekua kumbukumbu, sijaona. Hofu ipo. Naamka nayo, naoga nayo. Ila sasa inanifuata nyuma, zamani ilikuwa inatangulia.

Leo nimekuja wodini kumwona. Hana ndugu mji huu. Nje ya mlango wake kuna wanaume wawili kwenye benchi, hawana mgonjwa wala mfuko wa matunda. Nilipofika, mmoja akaninyooshea mguu njiani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, wewe ni nani wake?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Ningeweza kuwa dada yake, au nimekosea wodi.

"Mimi ni shahidi mwenzake," nikamwambia.

Akautazama uso wangu kwa muda, kama anayeukariri, kisha akauvuta mguu wake. Nimeingia, nimeketi kando ya kitanda, ndipo ninapokuandikia. Gunia Mbili amelala. Mlango una kioo kidogo, na kupitia hapo naona mabega yao. Bado wamekaa. Kesho nitakuja tena.

Mwanao.