Mstari wa Nne wa Wimbo wa Mama

Mdogo wangu mpendwa Lameki,

Hupokei simu zangu, kwa hiyo nakuandikia barua ambayo kila mtu ataisoma. Nakala moja nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa kanisa. Nyingine nimempa Mama Esta aivushe pamoja na mchele wake, na kama hutaki kuisoma mwenyewe, akusomee hapo Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mbele ya wateja wake. Unanijua. Sipendi mambo ya ndani yatolewe nje. Lakini leo ni Alhamisi, na nimeambiwa kwamba Jumatatu unapelekwa Lusaka kupasuliwa koo, na kwamba daktari hakukuahidi kuwa utarudi na sauti.

Kabla ya Jumatatu hiyo nahitaji kitu ambacho unacho wewe peke yako. Nahitaji besi ya wimbo wa mama.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana hata nikikasirika sipendi kuruka hatua.

Unavikumbuka vitabu vyetu vya kwaya. Tuliandika nota za solfa kwa mkono, tukatoa nakala, kisha tukatoa nakala ya nakala, mpaka herufi ya mi na ya re zikafanana na mwimbaji akawa anachagua anayoipenda. Baadaye vijana walipiga picha za kurasa hizo na kuzibandika katikati ya maneno yaliyochapwa. Ukiongeza ubeti mmoja, picha inarukia ukurasa mwingine. Ukiivuta ienee, nota zinanenepa kama zimevimba. Mwaka huu baraza la wazee liliamua kwamba nyimbo zote zilizotungwa na watu wa usharika huu zichapwe katika kitabu kimoja, maneno, nota na historia fupi ya kila wimbo. Kazi hiyo nimepewa mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, kwa sababu ndimi ninayejulikana kwa kukataa makosa.

Frida, mwalimu wa kwaya wa sasa, ndiye aliyenionyesha namna. Hukumkuta, alihamia hapa Tunduma kutoka Vwawa baada ya wewe kuvuka. Katika kompyuta yake kuna programu isiyo na vitufe vya kubofya. Unaandika kila kitu katika faili moja, kama unavyoandika insha. Historia ya wimbo unaiandika kwa maneno ya kawaida. Unapofika mahali pa nota, unaweka alama ya kuanza muziki, kisha unaandika sauti kwa herufi na urefu wake kwa tarakimu, kisha alama ya kufunga. Ukimaliza, unafungua dirisha jeusi na kuandika amri moja. Programu inasoma faili lote, inachomoa muziki, inauchora katika mistari mitano kwa upana uleule wa ukurasa, na kuurudisha mahali pake katikati ya maneno. Ukibadilisha ukubwa wa karatasi, unatoa amri ileile na nota zinajipanga upya bila kuvimba.

Niliipenda mara moja. Haibembelezi mtu. Kila kipimo lazima kiwe na mapigo yake kamili. Ukizidisha pigo inakuonya na kukutajia mstari wenye kosa. Frida aliponiona nimefurahishwa na onyo la kwanza alisema, "Mzee, wewe na hii programu mmesoma darasa moja."

Nyimbo zote zimekamilika isipokuwa mmoja.

Tulipomzika mama kule Mbozi, wewe hukulia. Siku ya pili ulikuwa uwanjani unageuza kahawa iliyoanikwa, kwa sababu msiba haukuizuia kuoza, na nilikusikia ukivumisha kitu puani. Nilikaa kwenye kizingiti na kalamu. Maneno yalikuwa yangu: kwamba mama ametutangulia shambani, kama alivyofanya kila asubuhi ya maisha yake, nasi tukiamka tulikuta umande umekwisha kukanyagwa. Sauti ilikuwa yako. Tulibishana juu ya neno "ametangulia". Nilikwambia mkazo wake hauwezi kuangukia pale ulipouweka. Ulinijibu bila kuinua kichwa, "Kaka, acha neno lipumue. Mama hatembei kwa amri yako." Nilibadilisha mpangilio wa maneno, wewe hukubadilisha sauti, na wimbo ukasimama.

Sasa msomaji wa ubao wa matangazo aelewe jambo ambalo wewe unalijua. Katika kwaya yetu besi haikuandikwa. Wanaume wa sauti ya nne walikuwa makuli wa mpakani. Walipakua malori mpaka jua lizame, wakaingia mazoezini wakati sisi wengine tumekwisha kujifunza, na vumbi la saruji kwenye kope. Kuwafundisha kwa nota hakukuwezekana. Ubaoni iliandikwa sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mahali pa nne palibaki weusi mtupu. Aliyeuliza alijibiwa, "Besi itajitafuta." Mgeni angedhani ni uzembe. Haukuwa uzembe, kwa kuwa ulikuwapo wewe. Ulisimama pembeni, ukasikiliza, ukaingia, na makuli wote wakaingia nyuma yako kama watu wanaopita mlango mmoja.

Katika nyimbo nyingine upungufu huo umezibika. Frida amesomea muziki. Ameandika besi zinazofuata kanuni na hakuna aliyelalamika. Lakini katika wimbo wa mama wewe ulitufanyia jambo la pekee. Kwenye kiitikio sauti tatu zinanyamaza, na ni besi peke yake inayotembea. Niliandika sauti tatu kama zilivyo, nikaweka alama za kupumzika mahali tunaponyamaza, na kwa sababu sikuwa na la kuandika katika mstari wa nne, nikaweka alama hizohizo humo pia. Nikatoa amri. Programu haikunionya. Mapigo yalikuwa kamili. Ilinichorea kiitikio kizuri sana, mistari imenyooka, na ndani yake hakuna mtu anayeimba. Nilikitazama kwa muda mrefu. Nimesahihisha madaftari kwa miaka mingi, na sikuwahi kuona kosa lililoandikwa kwa usafi kama lile.

Frida alijitolea kuandika besi ya kiitikio. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alituketisha akatupigia kutoka kwenye kompyuta. Sauti ilishuka ilipopaswa kushuka na kurudi nyumbani ilipopaswa kurudi. Akina mama wa sauti ya pili walitazamana. Mama Esta ndiye aliyesema.

"Mwalimu, ni nzuri. Ila hii besi imevaa tai."

Watu wakacheka. Frida hakucheka. Alinigeukia mimi. "Mzee, nionyeshe kosa moja nilirekebishe. Hakuna hata onyo."

"Sijasema kuna kosa," nilimjibu.

"Basi tuchape. Mchapaji wa Mbeya anasubiri faili."

"Sijasema tuchape."

Ndipo Mama Esta akakunja khanga yake begani na kusema, kana kwamba anataja bei ya mchele, "Mwenye besi yupo hapo ng'ambo. Nimemwona juzi, amefunga skafu shingoni kwenye jua. Si kesho, Jumatatu inayofuata wanampeleka Lusaka. Mkimtaka, mtafuteni akiwa bado anaongea."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari za ugonjwa wa mdogo wangu, mbele ya kwaya nzima, kutoka kwa mfanyabiashara wa mchele.

Nilikupigia simu siku hiyohiyo. Iliita ikakatwa. Jumatatu iliita ikakatwa. Jumanne nilimtuma Mama Esta kwa mdomo, naye akaniletea jibu lako: "Mwambie kaka, besi itajitafuta, mukwai." Alisema ulicheka ulipolisema, kisha kikohozi kikakushika mpaka ukakaa chini. Jibu hilo lilikuwa na adabu ya Kibemba na dharau ya kwetu, nami nimezipokea zote mbili.

Haya, tuliseme lile unalolitaka, kwa kuwa najua hutafungua mlango kabla halijasemwa.

Daudi alikuwa kuli mwenzenu na besi mwenzenu. Alifariki akiwa ametengwa na kanisa kwa kuoa mke wa pili, na utaratibu wetu unajulikana: kwaya haiimbi kwenye mazishi ya aliyetengwa. Uliniuliza, nikakujibu hivyo. Ukawachukua wanaume wa sauti ya nne, mkavuka mkamzika Nakonde kwa wimbo wa mama. Wiki iliyofuata baraza lilikusimamisha kuimba, na mimi, kama mwenyekiti, nilisoma uamuzi huo mbele ya usharika, ukiwa umekaa benchi la tatu. Ulisimama. Ulisema kwa sauti iliyofika mlangoni, "Kaka, marehemu hasomi katiba." Nikakujibu, "Katiba si ya marehemu. Ni ya walio hai." Ukatoka, na hukurudi.

Sikuandikii kukuambia kwamba baraza lilikosea. Utaratibu ule ungalipo, na ningali mwenyekiti wake. Lakini nakukumbusha jambo ambalo labda hukulisikia kwa sababu ulikuwa umekwisha kufika nje. Baraza lilikusimamisha mpaka Pasaka. Pasaka ilifika. Nilikuwekea kiti. Miaka yote iliyofuata umejisimamisha mwenyewe, Lameki, na adhabu yako imekuwa kali kuliko yetu.

Najua pia usichokijua wewe. Siku ile ya mazishi ya Daudi nilikuwa upande huu, karibu na uzio, pale malori yanaposubiri zamu. Upepo ulitoka kwenu. Madereva walizima injini mmoja baada ya mwingine ili wasikilize. Ndiyo mara ya mwisho nilipoisikia besi ile, na niliisikia bila sauti nyingine yoyote kuifunika. Ungedhani mtu aliyeisikia hivyo angeikumbuka. Wiki hii nimeketi mbele ya lile dirisha jeusi nikaiandika, herufi baada ya herufi, nikatoa amri, nikasikiliza, nikafuta. Nikaandika tena. Maneno ya watu nayakumbuka mpaka mkato wake, lakini sauti inaniponyoka. Nina uhakika wa mahali pamoja tu: kwenye "ametangulia" wote tunatarajia ushuke, nawe hushuki. Unabaki juu kidogo, kama mtu aliyesikia akiitwa, kisha ndipo unashuka. Mahali hapo nimepaandika. Mbele yake na nyuma yake sina kitu.

Nimewatafuta na wenzako. Waliobaki ni wachache. Nilimpata mmoja kwa simu, yuko Saza kwenye machimbo ya dhahabu. Nilimwomba aniimbie. Akasema, "Mzee, mimi nilikuwa namfuata Lameki. Akigeuka, nageuka. Nikiwa peke yangu sijui nageukia wapi."

Nakuambia sasa ninachokiogopa, na nakiandika kwa Kiswahili kilichonyooka ili pasiwe na tafsiri mbili. Ukipasuliwa Jumatatu na sauti isirudi, kitabu kitachapwa kwa besi ya Frida, na watoto wataijifunza, na wataiimba vizuri. Baada ya sisi kuondoka hakuna atakayejua kwamba mama yetu aliimbiwa namna nyingine. Nami ndimi nitakayekuwa nimeipitisha, kwa sahihi yangu, bila kosa hata moja.

Kwa hiyo sitakupigia tena simu. Jumamosi asubuhi nitavuka. Nimeulizia taratibu, na nitapita getini kwa kibali. Kwenye njia za panya hutaniona hata kwa ajili ya mama. Kama unataka kunikataa, nikatae mlangoni pako, ukinitazama, si kwa kukata simu. Hayo mengine, ya Daudi na ya benchi la tatu, yanaweza kukaa nje na viatu vyangu. Ukitaka tutayachukua tukitoka.

Nilifikiria kumtuma mtu na simu akurekodi. Nimeacha, kwa kuwa nakujua. Ukiambiwa uimbe peke yako utasema umesahau, na hutakuwa umedanganya. Besi yako haikujitafuta yenyewe hata siku moja. Ilikuwa ikitusikiliza sisi, kisha ikajua pa kupita. Basi tutakuja watatu. Frida atashika sauti ya kwanza, na kompyuta yake mapajani. Mama Esta atashika ya pili; ameahidi kufunga genge mpaka mchana, na hilo peke yake likuonyeshe uzito wa jambo. Mimi nitashika ya tatu, ingawa siku hizi inakwaruza na sifiki juu bila kusimama. Hatutakuomba useme lolote. Usichemshe chai.

Tutaketi barazani kwako na kuanza ubeti wa kwanza bila wewe. Tutakapofika kwenye kiitikio tutanyamaza, kama ilivyoandikwa.

Katika mapigo hayo ya ukimya nitakuwa nikikusikiliza,

Kaka yako.