Fangasi Waliokosa Kundi

Kabula, rafiki yangu,

Matokeo yalitoka baada ya kukuzika. Nimefaulu, nimepangiwa kidato cha tano, mchepuo wenye baiolojia yetu. Wewe pia umefaulu. Mama yako alikuja kunionyesha jina lako kwenye simu.

Habari nyingine ni mbaya. Shangazi yangu wa Lingeka, kule Meatu, amejifungua mapacha. Jumapili baba aliniita, akaniuliza kama nitakwenda kumsaidia kulea. "Mwaka mmoja tu, shule haikimbii." Niliinamisha macho, nikanyamaza. Unajua kwetu binti akinyamaza mbele ya wakubwa, amekubali. Bibi akapiga vigelegele. Tangu hapo begi langu liko mlangoni, na mimi nakaa humu ndani nikilitazama.

Unakumbuka ugali tuliouotesha ukungu kwenye kopo? Mama yako akafoka, "Nyie watoto mnafuga uozo?" Ukalificha nyuma ya choo, ukaendelea kunifundisha: fangasi hupangwa kwa namna wanavyozaana, wengine vijimbegu vyao hukaa kwenye vifuko, wengine chini ya kofia kama uyoga. Wale ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakikutana, dume na jike, wanarundikwa kwenye kundi lao la peke yao. Ukanichoma kidole mbavuni: "Minza, hapo ndipo kwenu. Hakuna anayejua una nini ndani."

Juzi nilikutana na mwalimu wetu wa baiolojia stendi. Akaniambia kumbe wataalamu wameshalifuta kundi lile. Siku hizi wanasoma vinasaba, na kila fangasi anarudishwa kwa ndugu zake hata kama hajaonekana akizaana. Nikageuka kuja kwenu kukwambia. Nilifika hadi kwenye kona ya duka ndipo nikakumbuka.

Lakini baba hasomi vinasaba, Kabula. Anasikia maneno tu.

Leo asubuhi nilipiga magoti kumwamkia, na sikuinuka. Nikasema, "Baba, sikukubali. Nataka shule."

"Sema tena, sisikii."

Nikarudia. Akawasha pikipiki, akaenda shambani. Gari la Meatu ni kesho.

Sijui atarudi na jibu gani. Naogopa.

Pumzika, rafiki yangu. Ugonjwa umekuachia, mifupa yako haikuumi tena. Nakuahidi, akiniuliza mara ya tatu nitamjibu vilevile, hata sauti ikitoka na machozi.

Wako,
Minza