Shujaa wa Senema Uliyoisifu

Bofu, Likoni
Machi 1947

Kwako mchumba wangu Kache, huko Nairobi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama anakuulizia, na mbuzi wake amezaa pacha.

Ile senema uliyoisifu imefika Mombasa. Nilivuka kwa feri nikakuta watu wanakanyagana mlangoni, na hata leo tikiti hazipatikani. Wote walitoka wakifuta machozi. Mimi peke yangu nilitoka nimenuna, maana muda wote wa picha nilikuwa namtafutia kasoro huyo shujaa wako. Sikuiona. Macho mazuri anayo, na sauti pia, kama ulivyoniandikia.

Lakini uliandika tena kwamba ananukia uturi wa waridi. Kache, mtu wa kwenye picha hanukii. Ulikaa na nani?

Nangoja jibu,
Lewa