Nimehamasisha Wasichana Mpaka Nikamhamasisha na Wangu

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu na uniwie radhi kwa mwandiko, maana barua zangu huwa anazichapa binti yangu na hii siwezi kumpa. Mimi ni baba wa watoto watatu, mtu mzima na heshima zangu, na kazi yangu ni mratibu wa kampeni ya kuwahamasisha wasichana wasome teknolojia, huu ni mwaka wa nne nazunguka mashuleni na fulana yangu ya zambarau iliyoandikwa kifuani "Binti, Teknolojia ni Yako", nawaambia watoto wa kike wasikubali kutishwa na mtu, hakuna kazi ya wanaume peke yao, kompyuta haijui nani amevaa sketi, na hapo huwa wanapiga makofi, mpaka walimu.

Sasa tatizo, mshauri, ni kwamba binti yangu mkubwa amesikia.

Huyu huwa naenda naye kwenye mikutano kwa sababu ndiye anayetengeneza slaidi na kuunganisha projekta, mimi na projekta hatujawahi kuelewana, na miaka yote hiyo nilidhani anashughulika na waya zake, kumbe alikuwa ananisikiliza. Amemaliza shule, hesabu na fizikia amefaulu kuliko hata nilivyomwombea, basi wiki tatu zilizopita akaja sebuleni na fomu ya chuo, ufundi wa mitambo ya mawasiliano, akanionyesha na picha ya wanachuo wamevaa kofia ngumu na mikanda, wananing'inia kwenye mnara wa simu kama nguo zilizoanikwa, nikamuuliza na wewe utapanda huko, akasema ndiyo baba, mtambo uko juu na fundi lazima aufuate.

Nikamweleza kwa upole kwamba teknolojia ni pana, kuna uhazili, atakaa ofisini kwenye kiti kizuri, kompyuta atatumia hiyohiyo, na jioni atarudi nyumbani mzima na kucha zake. Akanitazama, akasema, "Baba, yale maneno ulikuwa unawaambia akina nani?" Nikamwambia nawaambia wasichana. Akasema, "Na mimi ni nani?"

Mshauri, nikajifanya natafuta miwani. Halafu nikafanya kosa ambalo naona haya kulitaja, nilisubiri atoke, nikaingia kwenye tovuti ya chuo ili nibadilishe kozi aliyochagua, kompyuta ikadai neno la siri, sikulijua, nikampigia simu yeye mwenyewe nimuulize. Tangu siku hiyo ananiheshimu kwa namna inayonitisha, ananisalimia, ananiwekea chakula, basi.

Wiki iliyopita akasema mkutanoni haji. Nikasimama mbele ya wasichana mia tatu na projekta inatoa mwanga wa buluu tu, nikabonyeza, nikapuliza, nikamwita mwalimu wa michezo kwa kuwa ni mwanamume, naye akaipiga kofi, mwisho akatoka msichana mmoja mstari wa nyuma, mdogo, fulana yetu ingemfika magotini, akachomoa waya akauchomeka pengine na picha ikatokea, ilikuwa picha yangu nimeinua kidole. Walicheka sana. Nami nikaendelea kuwahimiza wasiogope.

Mama watoto ni fundi cherehani na hapendi mabishano, ila ameshamshonea binti suruali mbili za kazi zenye mifuko sita, nadhani hayo ndiyo maoni yake.

Fomu inataka saini ya mzazi na mwisho wa kuipokea ni Ijumaa hii saa sita mchana. Nimeificha mimi, iko chini ya katoni la fulana. Naogopa ataanguka, mshauri, na nikisema ukweli wote naogopa pia kubaki na ile projekta. Nifanyeje ili niendelee kuwahamasisha watoto wa wenzangu bila huyu wangu kuhamasika?

Mimi, Mratibu Mwenye Mashaka

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Mratibu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakasirika. Kampeni nzima ya teknolojia inaniandikia kurasa sita kwa kalamu ya wino, kwa sababu mwenye kujua kuchapa ndiye anayefichwa.

Nianze na woga wako, maana huo ni wa kweli na sitaucheka. Mnara ni mrefu na mtoto ni wako. Lakini mzazi mwenye woga huenda chuoni akauliza mikanda inakaguliwa na nani, na mwanafunzi hufundishwa muda gani kabla hajapanda. Wewe umekwenda kuuliza neno la siri. Na hebu jipime: mwanao wa kiume angeleta fomu hiyohiyo, si ungemwita jirani aje aone picha ya kofia?

Uhazili nao usiutukane. Mwandiko wako huu umesomwa na mhazili wa gazeti letu, mimi ulinishinda. Ni kazi ya mtu anayeitaka, wewe umeigeuza stoo ya kumfichia binti asiyeitaka.

Kinachoniuma zaidi ni hawa watoto wa wenzako. Miaka minne wamekuamini, wamekwenda nyumbani kugombana na baba zao kwa maneno yako. Hao baba walipokujia juu, uliwajibu nini? Jibu hilohilo jipe na wewe. Na yule mdogo wa mstari wa nyuma aliyekuokoa, umeniandikia fulana ingemfika wapi, hukuandika kama ulimwambia ahsante.

Sasa fanya hivi. Itoe fomu chini ya hilo katoni, uisaini. Mkabidhi binti yako mkononi na umwambie, "Nilikosea." Ishie hapo, neno "lakini" liache huko huko kwenye mikutano. Usiite mpiga picha, usimvalishe fulana, na ole wako nisikie umemtia kwenye slaidi kama mfano wa kuigwa. Mkishamaliza, mwombe akufundishe ile projekta. Akikataa ana haki. Nenda kwenye ile shule ukakae mstari wa nyuma, kuna mwalimu wako pale. Na mpaka utakapojua kuiwasha mwenyewe, usishike kipaza sauti mbele ya mtoto wa mtu.

Nilimwomba mhariri barua yako itoke mapema. Amesema safu yangu ni ya Ijumaa na haisogei. Kwa hiyo unaposoma hapa ni leo, na dirisha la chuo linafungwa saa sita. Nyanyuka, baba. Mengine utayasoma ukirudi.